Mtu Aliyetufundisha Tashtiti

Hakuwahi kuwa profesa. Nalitanguliza hilo kwa sababu yeye mwenyewe angelitanguliza. Huko Lubumbashi alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na hapa Brussels alifundisha jioni katika shule ya watu wazima wanaotafuta kazi. Katika shule hiyo, kwa miaka mingi, aliwafundisha watu kutaja jina, kutaja umri, na kusema kwamba wanapenda kufanya kazi kwa ushirikiano. Lakini Matonge nzima, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kuanzia wasusi mpaka wauza samaki wakavu, ilimwita Papa Prof, na mimi nilimwita hivyo hivyo kwa miaka kumi na moja. Jina lake la kwenye vitambulisho nililisikia mara moja tu, padri alipolisoma mbele ya jeneza, nikageuka kuangalia ni nani anayezungumziwa.

Sitasema alizaliwa wapi wala kwa nani. Hakupenda habari za namna hiyo. Alisema wasifu unaoanza na kuzaliwa ni uvivu wa mwandishi, maana kuzaliwa ndilo jambo pekee ambalo mtu hakulifanya mwenyewe.

Nitaanza na nguo zake, kwa sababu ndizo zilizoonekana kwanza. Alivaa suti za vipande vitatu, za rangi ambazo wanaume wengine huziogopa: kijani cha parachichi, zambarau, na moja ya rangi ya haradali iliyokuwa na vifungo vya shaba. Alikuwa na leso mfukoni na viatu vya rangi mbili. Alipopita mtaani akielekea Porte de Namur, vijana waliokaa nje ya baa walimpigia makofi, naye aliinua kofia kidogo, kama mtu anayepokea anachostahili. Mtu huyo huyo akishika kalamu alikuwa mchoyo. Alichukia neno la mapambo kuliko alivyochukia baridi. Nilimwuliza siku moja inawezekanaje mtu avae hivyo na aandike vile.

"Maman," alinijibu, "mu nguo mi niko muCongolais. Mu phrase, niko muprotestant."

Alikuwa Mkatoliki.

Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, ambacho kwa sikio langu la Morogoro kilikuwa kama gauni langu mwenyewe likiwa limevaliwa na mtu mwingine: nalitambua, lakini limekaa tofauti. Mimi nilikuja Brussels nikimfuata mume wangu aliyekuwa masomoni, na katika mwaka wa pili nikapata kazi kwenye ofisi ndogo iliyoandika ripoti za Kiingereza kuhusu miradi ya kilimo. Bosi wangu alikisifu sana Kiingereza changu. Nilikuwa nimeanza kumwamini siku nilipoona karatasi imebandikwa kwenye kioo cha duka la sombe, yaani kisamvu, na unga. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: "Masomo ya Kiingereza ya zamani. Samedi, quatorze heures. Tutasoma bantu bakali benye kuandika muzuri." Nilikwenda Jumamosi hiyo, saa nane mchana, kwa ajili ya sentensi ya mwisho. Nilitaka kuwaona hao watu wakali.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, chenye viti vya plastiki na ubao ambao upande wake wa pili ulikuwa na ratiba ya kwaya. Tulikuwa saba, mara nyingine wanane. Siku ile ya kwanza aliniomba nitaje sentensi moja niliyoiandika kazini wiki hiyo. Niliikumbuka yote kwa sababu nilijivunia. Aliiandika ubaoni, ikachukua mistari minne, kisha akaligeukia darasa.

"Nani anafanya nini hapa?"

Watu walitazama.

"Maman, mu hii phrase hamuna muntu," aliniambia, bila ukali wowote. "Projet iko, renforcement iko, hata défi iko. Muntu hayuko. Ni nini ilipitika kule?"

Kweli, mlikuwa na mradi, uimarishaji na changamoto tu. Nilimwambia kwamba mbegu hazikufika vijijini kwa wakati.

"Basi sema."

Akafuta neno moja, halafu jingine, kwa kidole, akaandika nilichosema, mpaka ubaoni pakabaki sentensi ya Kiingereza yenye maneno matano: wakulima hawakupata mbegu zao. Kilichobaki kilikuwa kifupi na cha aibu, kama mtu aliyevuliwa koti. Jumatatu niliiandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Bosi aliyarudisha maneno yote. Lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi nyuma ya kanisa, na nikaendelea kurudi.

Vitabu alivyotusomesha vilikuwa vya Waingereza wa karne zile ambazo wanaume walivaa nywele za bandia na kutukanana kwa adabu. Alivipata kwenye maduka ya vitabu vya mtumba, akavipiga nakala, akafuta majina ya waandishi kwa wino mweupe. Alisema jina la mwandishi humfanya msomaji apige magoti, na aliyepiga magoti hasomi vizuri. Alichotaka tukione ni jambo moja: kwamba kurasa zenye hasira kuliko zote zimeandikwa kwa sauti tulivu kuliko zote. Mwandishi anaeleza unyama kana kwamba anaeleza bei ya viazi, na msomaji ndiye anayebaki na kelele kifuani.

Alikuwa na njia yake ya kutuonyesha. Ukurasa ule ule ulisomwa mara mbili. Mara ya kwanza msomaji aliambiwa asome kama mchungaji, kwa kupandisha na kushusha sauti, na ukurasa ukafa. Mara ya pili aliambiwa asome kama karani wa ofisi ya manispaa anayesubiri saa ya chakula. Hapo ndipo tulipousikia. Mtu mmoja darasani angecheka, mwingine angeguna, na mwingine, mara nyingi mwanamke mmoja aliyekuwa muuguzi, angesema taratibu, "Lakini hii inatisha."

"Voilà," angesema Papa Prof.

Neno tashtiti nilimpa mimi. Yeye alikuwa na satire ya Kifaransa tu. Nilimweleza kwamba kwetu shuleni tulitenganisha kejeli, dhihaka, kinaya na tashtiti, na kwamba tashtiti ndiyo inayocheka ili jambo libadilike. Alilirudia neno lile mara tatu, akalionja, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Chini yake akaandika kanuni ambayo ilibaki pale kwa miaka, kila wiki ikifutwa na wanakwaya na kila Jumamosi ikiandikwa upya: "Tashtiti inapandaka. Haishukake." Akatueleza kwamba mwenye kuchekwa lazima awe amekaa juu yako. Ukimcheka aliyekaa chini yako hujaandika chochote, umempiga teke mtu.

Misemo yake ilikuwa mingi na mingine sikuielewa. Wa maneno ya mapambo naukumbuka: "Adjectif iko kama mugeni. Mumoja anafurahisha nyumba, batano banamaliza chakula." Kuhusu watu wanaoanza barua kwa kuomba radhi ya kuandika, alisema, "Kama unaomba pardon ya kuandika, usiandike." Kuhusu nukta alisema ndiyo alama pekee yenye ujasiri.

Msije mkadhani alishinda kila mara. Kulikuwa na jirani yake, mama mmoja mwenye watoto watatu, ambaye ukuta wa chumba chake ulikuwa ukiota ukungu mweusi. Mama alimwomba amwandikie mwenye nyumba. Papa Prof aliandika barua ya shukrani. Alimshukuru mwenye nyumba kwa kuwapatia watoto bustani ndani ya chumba cha kulala, akasifu jinsi rangi zinavyobadilika kwa majira, akaomba ruhusa ya kuleta wageni waje kuitazama. Alitusomea nakala yake darasani, na ilikuwa kazi safi kabisa. Baada ya wiki mbili majibu yalikuja. Mwenye nyumba alisema amefurahi sana kusikia wapangaji wake wameridhika, na kuhusu wageni, hana pingamizi mradi wasipige kelele.

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. "Ironie inaomba bantu babili," alisema. "Ye hakukuwako." Siku ile ile akaandika barua ya pili, ya mistari mitatu, isiyo na mzaha wala pambo. Mafundi walikuja mwezi uliofuata. Nadhani jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Kulikuwa na Papa Prof mwingine ambaye darasa la Jumamosi halikumjua. Niliwahi kumpelekea kitabu shuleni kwake jioni, nikasimama mlangoni nikisubiri. Mwanamke mmoja alikuwa akijaribu kusema kwa Kiingereza kwamba amewahi kufanya kazi jikoni, na kila neno lilikuwa limepinda. Alipomaliza, Papa Prof alipiga makofi, akamwambia vizuri sana, sema tena. Hakumsahihisha hata kidogo. Tukiwa njiani nilimwuliza kwa nini kule alikuwa mpole namna ile.

"Kule banatafuta kazi," alisema. "Shiye tunatafuta ukweli."

Jibu lile nililipenda wakati ule. Baadaye niliona lilikuwa na tundu, na kwamba kuna mtu alikuwa amekaa ndani ya tundu hilo.

Mtu huyo tulimwita Papa Nadine, kwa jina la bintiye wa kwanza, kama ilivyo kawaida yao. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye sauti nzito, msafishaji katika jengo moja la ofisi upande wa mashirika ya Ulaya. Hakuja darasani kutafuta ukweli. Nadine alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ghana, fundi wa mitambo, na ukoo mzima wa kijana ungetoka Akra kuja harusini. Ukoo huo haukujua Kifaransa. Baba wa binti alipaswa kusimama na kusema, na alitaka kusema kwa Kiingereza. Tena si Kiingereza chochote. Alikuwa amekusanya maneno makubwa kwa miaka, kutoka kwenye redio, kwenye matangazo, kwenye karatasi zilizotupwa kapuni alipokuwa akisafisha, akayaandika katika daftari la mwanafunzi. Neno alilolipenda kupita yote lilikuwa *magnanimous*, ambalo alilitamka "manyanimus," na kwake karibu kila kitu kilichokuwa kizuri kilikuwa manyanimus: hali ya hewa, kuku wa kukaanga, somo la leo.

Papa Prof alimvumilia miezi mitatu. Alimfutia maneno ubaoni kama alivyotufutia wote. Papa Nadine aliitikia, akashukuru, na Jumamosi iliyofuata akarudi na mengine mapya.

Halafu siku moja Papa Prof alikuja na ukurasa alioandika mwenyewe. Alisema ni zoezi. Ilikuwa hotuba ya mtu anayefungua kopo la dagaa. Mtu huyo anasimama mbele ya jamaa yake, anamshukuru Mungu, anaishukuru bahari, anasema moyo wake umefurika furaha isiyopimika, isiyosemeka, isiyohesabika, kwa kujaliwa kushika ufunguo wa kopo hili adhimu. Na kila anapokaribia kulifungua anakumbuka neno jingine. Papa Prof aliisoma kama karani. Hakumtazama mtu. Hakulitumia lile neno la manyanimus mpaka mstari wa mwisho, ambapo dagaa wenyewe, ndani ya mafuta yao, waliitwa hivyo.

Nilicheka. Nilikuwa wa kwanza kucheka, kwa sauti, na nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwa Papa Nadine. Wengine wakafuata. Papa Nadine naye alicheka, alicheka sana, akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Prof, weye uko mubaya!" Somo lilipoisha alivaa koti lake, akaagana na kila mtu kwa mkono, akaondoka. Hakurudi.

Jumamosi ya kwanza hakuna aliyelitaja. Ya pili Papa Prof aliuliza kama Papa Nadine ana mafua. Ya tatu hakuuliza. Kanuni ya tashtiti ilikuwa imeandikwa ubaoni siku zote hizo.

Nilikutana na Nadine saluni, nikisubiri zamu yangu ya kusukwa. Alinisalimia vizuri, halafu akashindwa kujizuia.

"Tantine, ni nini ilimupata papa kule ku masomo yenu?"

"Kwani amesema nini?"

"Anasema hatasema ku mariage. Anasema tonton atasema ku nafasi yake, mu français, na muntu atatafsiri. Cahier yake aliitupa. Maman aliitosha mu poubelle, akaificha."

Kwa hiyo amu yake angesema badala ya baba, na daftari lilikuwa limeokolewa kwenye pipa la taka. Kuhusu kicheko changu sikumwambia. Nilisema labda baba yake amechoka. Nilisukwa nywele kwa saa tatu na sikumbuki tulizungumza nini tena.

Papa Prof nilimwambia yote siku ile ile, isipokuwa hicho nilichomficha Nadine. Nilimkuta nyumbani kwake karibu na uwanja wa Flagey, chumba kimoja na jiko, vitabu vimepangwa mpaka chini ya meza. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye daftari lililotupwa aliketi kitandani.

"Alitupa cahier?"

"Ndiyo."

"Yote?"

Nikamwambia mke ameliokota. Alitikisa kichwa muda mrefu. Nilisubiri aseme jambo la maana, kwa kuwa ndivyo nilivyomzoea. Alisema tu, "Dimanche, kisha misa, utanisindikiza. Peke yangu nitasema mingi."

Jumapili alivaa suti ya kijivu ambayo sikuwahi kuiona, bila tai. Papa Nadine aliishi ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na Papa Prof alipumzika kila ghorofa akisingizia kutazama mtaa. Mke ndiye aliyetufungulia. Papa Nadine alikuwa anatazama mpira, sauti ya televisheni ameifunga. Hakusimama, jambo ambalo kwa mtu wa adabu yake lilikuwa ni tusi kamili, lakini alituonyesha viti.

"Papa Nadine," alisema Papa Prof, "nimekuya kukuomba pardon."

"Juu ya nini?"

"Nilikucheka mbele ya bantu."

"Ulisema kweli, Prof. Njo maana inaniluma. Kama ilikuwa bongo, maneno ya kudanganya, ningecheka, ningerudia samedi ingine. Mi nasemaka vile. Nilisikia sauti yangu mu kinywa yako." Aliendelea kutazama mpira. "Unajua juu ya nini nasemaka na maneno makubwa?"

Papa Nadine akainua vidole vitatu.

"Ku kazi bananisemeshaka na maneno tatu. Ici. Là-bas. Merci. Dix-neuf ans, Prof. Sasa siku ya mutoto wangu, mbele ya bantu benye kutoka mbali, na ile siku pia niseme na maneno tatu?"

Hapa, kule, asante, kwa miaka kumi na tisa. Wachezaji walikuwa wanakimbia bila sauti. Mke wa Papa Nadine alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akiwa na sinia la vikombe, na hakusogea. Niliona mikono ya Papa Prof juu ya magoti yake, na kwa mara ya kwanza nikaiona kuwa mikono ya mzee.

"Nitakufundisha pole pole," alisema. "Paka weye na mi, shiye babili tu. Hapa kwako."

"Hapana. Leçon sitaki tena. Uniandikie. Hotuba muzima. Na maneno yangu yote, yenye iko mu cahier. Manyanimus iwe mara mbili. Na usicheke."

"Sitacheka."

"Hata mu moyo."

Hapo Papa Prof alichelewa kujibu, na nadhani kuchelewa kule ndiko kulikomfanya yule bwana amwamini.

"Hata mu moyo," alisema. "Nitajaribu."

Mke alileta chai. Alileta pia daftari, limefutwa vizuri, likiwa bado na doa la mafuta kwenye jalada.

Aliandika kwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyechapa, kwa hiyo naweza kushuhudia. Mtu aliyekuwa akifuta sentensi kwa kidole bila kupepesa macho sasa alinipigia simu mchana nikiwa kazini kuniuliza kati ya maneno mawili yenye maana ya "tele" ni lipi linapaswa kutangulia. Rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri. Tuliipeleka ghorofa ya nne. Papa Nadine aliisoma kwa sauti, pole pole, mpaka aya ya pili, akasimama, akaweka kidole.

"Hapa unacheka."

Papa Prof alichukua karatasi. Mimi sikuona chochote. Yeye aliona. Palikuwa na neno moja limewekwa nusu hatua juu mno, kama nyusi iliyoinuliwa. Alilifuta. Wiki iliyofuata Papa Nadine alimkamata tena, mahali pengine, na safari hii Papa Prof alikataa, akabisha, halafu jioni akanipigia kusema yule bwana alikuwa sahihi.

"Maman, miaka yote nilifundisha bantu namna ya kuficha kicheko ndani ya phrase," alisema. "Kukitosha, kukiondoa mule, sikujua iko nguvu hivi."

Rasimu ya tatu Papa Nadine aliisoma mpaka mwisho. Aliikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Harusini tulialikwa wote wa darasa. Ukumbi ulikuwa mkubwa, umepambwa kwa vitambaa vyeupe, na ukoo wa Akra ulikaa mbele kwa mavazi yao ya kente, wamenyooka kama majaji. Papa Nadine alisimama. Aliikunjua karatasi yake. Alimkaribisha kila mmoja kwa cheo chake. Alisema binti yake amekuwa kwake nuru na fahari, na akayasema hayo kwa maneno marefu ya Kiingereza ambayo sitayatafsiri, kwa kuwa kwa lugha yoyote nyingine yangekuwa mengi mno, na pale ukumbini hayakuwa mengi hata kidogo. Manyanimus aliitumia mara tatu. Ya tatu aliongeza mwenyewe, akiielekeza kwa mke wake. Mama wa bwana harusi alisimama katikati ya hotuba, akatoa kitambaa cheupe, akakipunga juu ya kichwa chake, kama kwao wanavyomtukuza msemaji, na wanawake wengine wa kwao wakasimama wakafanya vivyo hivyo.

Mwenzetu mmoja wa darasani aliuma mdomo na kumtafuta Papa Prof kwa macho, ili wacheke pamoja kimya kimya. Hakumpata. Papa Prof alikuwa akimtazama msemaji, midomo yake ikisogea, anamfuatisha neno kwa neno.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo walikuwa marafiki. Hawakuwa. Walisalimiana vizuri walipokutana mtaani, wakaulizana hali za nyumbani. Papa Nadine hakurudi darasani. Papa Prof hakubadilika pia, au si kwa namna ya kuonekana: Jumamosi iliyofuata alimfutia muuguzi sentensi nzima, akabakiza kitenzi. Tofauti niliyoiona ni moja. Hakutusomea tena ukurasa wowote alioandika yeye.

Miaka ilipita. Mume wangu alimaliza masomo, tukabaki. Niliacha ofisi ile nikapata kazi ya kuhariri. Moyo wa Papa Prof ulianza kumsumbua, na mwezi wa nne wa mwaka jana alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Woluwe-Saint-Lambert. Nilikwenda kumwona siku ya tano, mchana, jua likiwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Alikuwa amekonda. Walimvisha gauni la hospitali lenye maua madogo ya samawati.

"Angalia," alisema, akilivuta kwa vidole viwili. "Banijaza adjectifs."

Tulizungumza habari za darasa, ambalo lilikuwa limebaki na watu wanne. Aliniuliza habari za mume wangu. Nilimmenyea chungwa. Halafu, bila kupanga, nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu siku ile ya kopo la dagaa.

"Papa Prof, siku ile mimi ndiye niliyecheka wa kwanza. Nisingecheka, labda wengine wasingecheka."

"Minajua," alisema.

"Unajua?"

"Niliandika ile page juu ya weye ucheke."

Nilidhani sikusikia vizuri: aliuandika ukurasa ule ili mimi nicheke? Alichukua kipande cha chungwa, akakishika tu.

"Bale bengine banacheka kila kitu. Weye hukuchekaka. Miaka ine unakaa pale na uso ya inspecteur. Unaandika, unaitika, unaenda. Nikasema, huyu muTanzania nitamupata na nini? Nikatafuta nani iko karibu. Papa Nadine alikuwa karibu." Alinitazama. "Ulicheka muzuri. Ile usiku nililala na furaha. Njo vile ilikuwa."

Kwa miaka yote nilidhani nilikuwa na sehemu ndogo katika jambo lile, sehemu ya mtu aliyekuwapo. Nilimtazama mzee huyu aliyetuandikia kanuni ubaoni kila Jumamosi, na sikumkasirikia, wala sikuweza kumwambia si kitu. Alikuwa amesema kama karani, bila kupandisha sauti, na kelele yote ilibaki kifuani kwangu.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia muuguzi kijana wa Kibelgiji na karatasi zake, akaangalia mashine, akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi ni binti wa mgonjwa.

Kabla sijajibu, Papa Prof alisema hapana, ni mwanafunzi wangu. Halafu akafikiri, akainua kidole, kama alivyofanya ubaoni alipotaka kufuta.

"Hapana," akajisahihisha, kwa Kifaransa kizuri, taratibu. "Ni mtu niliyekuwa nikimwandikia."

Muuguzi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgonjwa ametembelewa na ndugu, akanisogezea kiti.